Msaada wakuu: i7 inashuka hadi 0.79 GHz katikati ya kurenda na joto la prosesa liko chini

kamera_tabata

Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada maana hapa nilipofika nimekwama kabisa. Mi nafanya kazi za video, harusi, sendofu, kichen pati na misiba pia, na mashine ninayotumia niliiunga mwenyewe kidogo kidogo karibu mwaka mzima, leo nanunua ramu, mwezi ujao pawa saplai, hivo hivo mpaka ikakamilika. Ina i7-10700F, madabodi ya H410 (jina la kampuni siandiki ila ni zile za bei ya chini), ramu 32, GTX 1660 Super, pawa saplai wati 550, Windows 10. Prosesa na bodi nilichukua vimetumika Kariakoo, vingine vipya.

Shida iko hivi. Nikianza kurenda (kutoa video ya mwisho baada ya kuhariri) inaanza vizuri kabisa, taski maneja inasoma 4.6 GHz, feni zinavuma kawaida, baada ya dakika kama tano hivi inadondoka ghafla mpaka 0.79 GHz. Sio kwamba inapungua taratibu, inadondoka kama mtu kakata waya. Inakaa hapo dakika moja mbili, mausi yenyewe inatembea kwa kuvutwa, alafu inarudi 4.6, inakaa sekunde 20 mpaka 40 inadondoka tena. Ndo mchezo mpaka kazi iishe. Video ya harusi ya saa mbili juzi imechukua saa 3 na dakika 10 wakati zamani haikuwa hivo.

Joto la prosesa nimeliangalia, halizidi 66. Sasa kama ni joto mbona ni 66 tu? Nimefomati Windows, nimeapdeti drava, nimebadilisha ramu mkao, nimesafisha vumbi, bado. Kuna bibi harusi anasubiri kazi yake Jumamosi na nimeshamwambia "kesho" mara mbili, na mimi sipendi kabisa kumzungusha mtu kwenye kumbukumbu ya siku yake. Natanguliza shukrani.

mjukuu_wa_chuma

Mkuu badilisha pesti, ile inayopakwa kati ya prosesa na kipozeo. Yangu ilikuwa hivo hivo, pesti ilikuwa imekauka kama udongo, nikapaka mpya ikapona.

kamera_tabata

Asante mkuu, ila pesti ni mpya na 66 digrii sidhani kama ni ya kulaumu pesti. i7 hii mpaka ifike 100 ndo inaanza kujipunguza yenyewe si ndivyo?

linaksi_arusha

Ndivyo, 10700F kikomo chake ni digrii 100, kwa hiyo kwenye 66 prosesa yenyewe haina sababu ya kujibana. Kwanza nikuulize kitu kimoja kabla hatujaenda mbali, hiyo 0.79 unaiona mashine ikiwa na kazi au ikiwa imepumzika? Maana wengi wanakuja humu wanalalamika "prosesa yangu iko 0.8" kumbe wamefungua desktopu tupu, hapo 0.8 ni sahihi kabisa, SpeedStep inashusha kasi ili isile umeme bure. Kizidisho kinashuka hadi 8, mara 100 MHz, unapata 800, na kwa kuwa saa ya bodi haikai 100 kamili unasoma 0.79 badala ya 0.80. Wewe kama unaiona wakati matumizi yako asilimia 100, hiyo sasa ni shida.

Fanya jaribio hili, ni la bure. Nenda kwenye setingi za pawa za Windows, kwenye mpango unaotumia ingia setingi za ndani, tafuta sehemu ya prosesa, utaona kiwango cha juu kiko 100%. Kiweke 99% (narudia, 99, usiweke 50). Kwenye Intel ukiweka 99 tabo (ile kasi ya ziada juu ya kasi ya msingi) inazimika, prosesa inabaki kwenye kasi yake ya msingi ambayo kwa yako ni 2.9 GHz. Alafu renda kitu cha nusu saa uone kama inadondoka tena. Ikidondoka hata kwenye 2.9 basi tutafute kwenye Windows au kwenye saketi ya umeme. Isipodondoka, ina maana kuna kitu kinachoshindwa kubeba mzigo wa tabo, na hapo tutakuwa tumeshapunguza uwanja wa kutafuta kwa zaidi ya nusu.

Kama una flashi, weka Ubuntu (mfumo mwingine badala ya Windows) uiwashe bila kuinstoli, endesha programu ya kuipa prosesa mzigo na pembeni angalia MHz kwenye /proc/cpuinfo. Ikidondoka na huko basi Windows haina kosa, usiifomati tena. Mi huwa naanza na hilo kila mara, linaokoa siku nzima ya kuinstoli programu upya.

kamera_tabata

Wakuu nimerudi. Linaksi ubarikiwe. Nimeweka 99 nikarenda ile harusi ileile kuanzia mwanzo. Imekaa 2.9 mwanzo mwisho, HAIJADONDOKA HATA MARA MOJA, na imemaliza saa 2 na dakika 20!! Yani imewahi kuliko ikiwa na tabo. Flashi ya Ubuntu nayo nimejaribu, kule inadondoka vilevile 798 MHz baada ya dakika sita. Kwa hiyo Windows haihusiki.

Kazi ya bibi harusi itaondoka kesho asubuhi na hii 2.9. Ila sitaki kubaki hivi maisha, nilinunua i7 kwa hela ya jasho nataka nijue inabanwa na nini.

pwani_chuma

Ndugu yangu usisumbuke, hiyo inaitwa BD PROCHOT. Shusha programu ya ThrottleStop, fungua, kuna kisanduku kimeandikwa BD PROCHOT toa tiki, bonyeza kuwasha, kwisha. Mimi niko Mombasa hapa, laptopu zaidi ya kumi nimezifanyia hivo, hazishuki tena. Dakika mbili tu.

kamera_tabata

Ngoja nijaribu

bimkubwa_pc

KAKA SUBIRI. Usitoe hiyo tiki kwanza, nakuomba soma hapa.

Pwani hajakosea jina la kitu, inawezekana kabisa ni PROCHOT, ila dawa aliyokupa ni ya laptopu ambayo sensa yake au chaji yake imeharibika inatoa kelele za uongo. Pale kweli unaizima maana inadanganya. Yako hatujui bado kama inadanganya. PROCHOT ni waya kati ya prosesa na bodi, na hizo herufi BD maana yake inafanya kazi pande zote mbili, prosesa inaweza kuiambia bodi "nimechemka", na bodi nayo inaweza kuiambia prosesa "mimi nimechemka, punguza haraka". Prosesa ikisikia hivo haijadili, inaenda chini kabisa 800 MHz papo hapo. Ndo maana wewe unaona inadondoka kama waya umekatwa. Prosesa ikichemka yenyewe hushuka kidogo kidogo, 4.6, 4.4, 4.2, haidondoki hivo.

Sasa kama bodi ndo inayopiga kelele na ukaiziba mdomo, joto halijaondoka. Linaendelea mpaka kitu kiungue. Nina bodi mbili hapa kwenye meza yangu zililetwa zimeungua pembeni ya soketi ya prosesa, unaona kabisa alama ya kahawia na harufu haijaisha, moja mwenye nayo aliniambia wazi kwamba alitoa tiki.

Nijibu maswali haya:
Moja, fungua HWiNFO (programu ya kusoma sensa za mashine), upande wa sensa, shuka mpaka utaona orodha ya sababu zinazoibana prosesa, zina Yes na No. Acha wazi, renda na tabo mpaka idondoke mara moja, niambie ni mistari gani imegeuka Yes. Natafuta hasa mstari wenye VR (sehemu ya bodi inayoilisha prosesa umeme) na wenye PROCHOT.
Mbili, ilikuwa inakula wati ngapi kabla ya kudondoka.
Tatu, shida ilianza lini na kuna kitu ulibadilisha karibu na muda huo? Hili ndo muhimu kuliko yote, usiseme "hakuna" kabla hujafikiri.
Nne, piga picha sehemu ya kushoto na juu ya soketi, nataka kuona kama kuna vipande vya alumini juu ya zile chipu nyeusi ndogo.

kamera_tabata

Dada asante kwa kunizuia, nilikuwa nimeshaifungua.

HWiNFO: PROCHOT imekuwa Yes, na kuna VR Thermal nayo Yes. Ya joto la prosesa yenyewe No.
Wati: inafika 142, ikidondoka inasoma 12.
Picha hiyo hapo. Hakuna alumini yoyote, chipu ziko wazi.

Kuhusu lini, nimefikiri mpaka nikampigia mdogo wangu simu. Ilianza kama miezi mitatu iliyopita, na kitu pekee nilichobadilisha kipindi hicho ni kipozeo. Nilikuwa na kile kidogo cha duara kinachokuja na Intel, prosesa ilikuwa inapiga 99, 100 muda wote nikaogopa, nikanunua cha maji chenye feni mbili. Ndo ikashuka mpaka 66. Sasa hicho si ndo kimeboresha? Mbona iwe sababu?

bimkubwa_pc

Hapo hapo kaka. Umeshajijibu.

Nikueleze taratibu maana watu wengi wanapigwa na hii na wanaishia kuuza mashine. Pawa saplai inaipa bodi volti 12. Prosesa haili 12, inakula volti moja na kidogo, tuseme 1.2. Kazi ya kushusha kutoka 12 hadi 1.2 inafanywa na zile chipu ulizopiga picha, mosifeti, na zile boksi ndogo za kijivu pembeni yake ambazo ni koili. Hiyo sehemu nzima ndo wanaita VRM, ndo ile VR uliyoiona kwenye HWiNFO. Sasa piga hesabu, wati 142 gawanya kwa 1.2 unapata karibu ampea 118. Ampea 118 zinapita kwenye chipu chache zisizo na hata kipande cha chuma juu yake. Hata ikipoteza asilimia 15 tu, hapo pana wati 25 za joto zinabaki kwenye eneo dogo kuliko kiganja chako. Gusa pasi ya umeme ya wati 25, ile ya kuchomelea waya, utaelewa ninachosema. (Usiguse kweli.)

Kile kipozeo cha zamani ulichokitoa kilikuwa kinafanya kazi mbili bila wewe kujua. Kwanza feni yake inapuliza kwenda chini, upepo ukigonga bodi unasambaa pembeni kote, unapita juu ya mosifeti. Pili, kwa sababu kilikuwa hakitoshi, prosesa ilifika 100 ikawa inajipunguza yenyewe, labda ilikuwa inakula wati 100 tu au 105, haifiki 142. Ulipoweka cha maji, kizuizi cha joto la prosesa kikaondoka ikaanza kula wati zote inazotaka, na muda huohuo upepo wa juu ya VRM ukaondoka, maana kichwa cha maji hakipulizi kitu, feni ziko mbali kwenye redieta. Mzigo umeongezeka na upepo umekufa siku moja. Prosesa iko baridi, bodi inaungua, na programu ya joto inakuonyesha prosesa tu. Bodi nyingi za bei hii hazina hata sensa ya VRM inayosomeka kwenye HWiNFO, ndo maana ulikuwa unaona 66 unatulia.

Swali lililobaki, kwa nini prosesa iliyoandikwa wati 65 inakula 142? Intel wenyewe kwa 10700 wanasema PL1 (limiti ya muda mrefu) ni wati 65, PL2 (ya muda mfupi) ni 224, na muda wa kukaa PL2 ni sekunde 28. Maana yake ikianza kazi inaruhusiwa kuvuta nyingi kwa nusu dakika hivi, baada ya hapo irudi 65. Lakini watengeneza bodi wengi wanaacha baiosi (setingi za bodi yenyewe, unaziingia kabla Windows haijawaka) kwenye Auto, na Auto ya bodi nyingi ni "hakuna limiti", ukiingia unaweza kukuta namba kama 4095. Wati 4095 kwenye bodi isiyoweza hata 142! Ingia kwenye baiosi yako utazame, nina uhakika mkubwa utakuta hivo.

Dawa:
Baiosi, sehemu ya pawa ya prosesa, limiti ya muda mrefu weka 90, ya muda mfupi weka 125, muda weka 28. Usiogope kwamba ni F na sio K (K ndo zile zilizofunguliwa kupandishwa kasi), limiti ya wati mara nyingi inaruhusu kubadilishwa hata kwenye H410. Kama baiosi yako haina hiyo menyu, ThrottleStop ile ile ya Pwani ina dirisha la TPL unaweza kuweka humo.
Alafu tafuta feni yoyote ya milimita 120, ifunge kwa vifungo vya plastiki iangalie pale kwenye mosifeti, chomeka kwenye plagi ya SYS_FAN ya bodi. Hata ikizunguka polepole inatosha, VRM haihitaji kimbunga, inahitaji hewa iwe inatembea.
Windows rudisha 100%.

pwani_chuma

Dada nimekuelewa na nakubali, mimi nilikuwa nafikiria laptopu. Ile laptopu inashuka hata ikiwa baridi imewashwa sasa hivi tu, ndo tofauti. Kamera samahani ndugu yangu, ningekuharibia.

bimkubwa_pc

Hakuna shida kaka, na hiyo tofauti uliyoisema ni ya maana sana wasomaji waishike: ikiwa 0.79 tangu inawaka, baridi, bila kazi yoyote, shuku sensa au chaji. Ikiwa inaanza vizuri na kudondoka baada ya dakika kadhaa, shuku joto la kweli mahali usipopima.

boss_wa_luthuli

Niko Nairobi, niongeze kidogo tu juu ya hio feni. Nimeona watu wananunua vile vipande vidogo vya alumini vya kubandika na gundi juu ya mosifeti. Viko sawa lakini bodi ikisimama ndani ya keisi, gundi ikipata joto miezi kadhaa kipande kinateleza kinaanguka juu ya grafiki kadi, na alumini inapitisha stima, hapo umepoteza kadi ya bei kuliko bodi yenyewe. Kama lazima ubandike, safisha chipu na spiriti kwanza, na ulaze keisi usiku mzima gundi ishike. Mimi naona feni inatosha.

Ya pili, angalia waya wa prosesa pale juu ya bodi. Bodi zingine za H410 ziko na pini nne tu, ukivuta wati 142 kwa muda mrefu hakikisha plagi imekaa mpaka imelia kwa kubana na plastiki haijabadilika rangi. Nimeona moja imegeuka rangi ya chai ya maziwa.

mama_sarufi

Samahani kwa kuingilia uzi wa kaka, naomba kuuliza mimi yangu ni Ryzen 5 3600, haina shida nikiwa na kazi, ila nikiiacha imepumzika nikaenda jikoni nikirudi naikuta imeganda au imejizima na kuwaka yenyewe. Joto zuri. Ni hiyo hiyo VRM?

linaksi_arusha

Hapana dada, yako ni kinyume chake. Ikipumzika prosesa za Ryzen zinalala usingizi mzito sana na zinakula umeme kidogo mno, na pawa saplai za zamani au za bei nafuu zinashindwa kutoa umeme mdogo kiasi hicho kwa utulivu. Ingia baiosi, menyu ya AMD CBS, tafuta kipengele cha pawa saplai ikiwa idle, kitoe kwenye Low ukiweke Typical. Itakula wati chache zaidi ikiwa imepumzika lakini haitaganda. Ikiendelea hata hapo, fungua uzi wako tuangalie ramu.

kamera_tabata

Wakuu wangu. Nimeingia baiosi usiku wa jana. Limiti ya muda mrefu: 4095. Muda mfupi: 4095. Dada ulikuwa kama umesimama nyuma yangu.

Kabla sijabadilisha nilitaka kupima joto la zile chipu nione kwa macho. Nina kile kipima joto cha kuelekeza kwenye paji la uso tulichonunua kipindi cha korona, nikakielekeza pale mashine inarenda, kikaandika HI kikapiga kelele nyekundu. Nikasoma maelezo nyuma, kumbe kinaishia digrii 42 na pointi. Kwa hiyo sijui ni ngapi ila mkono ukiuweka sentimita tano juu yake unahisi kama unaota moto wa mkaa.

Nimeweka 90, 125 na 28. Nimefunga feni ya 120 niliyoitoa kwenye mashine mbovu ya jirani, vifungo vinne vya plastiki, imekaa imeinama kidogo inaangalia soketi. Nimerudisha 100%. Nimerenda tena ileile harusi ya saa mbili ili nilinganishe haki. Nusu dakika ya kwanza inapiga 4.4 hivi, alafu inatulia 3.8, 3.9, inabaki hapo. Joto la prosesa 55. HWiNFO PROCHOT No, VR No, mstari wa PL1 ndo una Yes na nimeelewa kwamba hiyo ni sisi wenyewe tumeibana. Imemaliza SAA 1 NA DAKIKA 45. Kutoka saa 3 na dakika 10! Kwa wati chache kuliko mwanzo. Nilikaa naangalia ile namba ya 3.8 kama mtu anaangalia mtoto aliyelala baada ya homa.

Swali dogo, sasa naweza kupandisha mpaka 110?

bimkubwa_pc

Nimefurahi sana kaka. Kupanda unaweza lakini ongeza 5 kila mara, na kila hatua renda saa nzima, sio dakika kumi, maana VRM inachukua muda kufikia joto lake la mwisho. Ukiona VR imegeuka Yes hata mara moja rudi nyuma 10. Na fanya jaribio mchana, usifanye usiku, Dar mchana wa Januari bila AC chumba kina 32 na feni haiwezi kupoza chini ya joto la hewa inayovuta. Ila ukiniuliza mimi ningebaki 90. Juu kabisa pale prosesa inaomba volti nyingi kwa kasi kidogo, na joto linapanda kwa volti mara yenyewe. Ile 4.6 ya mwanzo ulikuwa unailipia wati 52 zaidi ya ulizonazo sasa ili upate kasi ya moja ya tano tu.

boss_wa_luthuli

Na kama uko na UPS (kile kiboksi cha betri cha kushika stima ikipotea) utaona faida pia. Zile za 650VA watu wengi wanadhani ni wati 650, ukisoma kibandiko nyuma ni 360 au 390. Prosesa 142, kadi 125 ikijaa, skrini, diski, feni, ulikuwa karibu na ukingo. Stima ikipotea ulikuwa unapata dakika ngapi?

kamera_tabata

Ni hiyo hiyo ya 650 boss. Ilikuwa inalia tii moja ndefu na kuzima papo hapo umeme ukikatika nikiwa narenda, nikajua betri imekufa. Leo nimechomoa ukutani makusudi katikati ya kazi, imeshika dakika nne, nikapata muda wa kuhifadhi na kuzima taratibu. Wala sijagusa betri.

kamera_tabata

Wakuu samahani, nafufua uzi baada ya siku tisa. Imerudi!! Jana umeme ulikatika toka saa nne asubuhi mpaka jioni, nimewasha leo narenda, dakika ya sita 0.79. Feni inazunguka, sijagusa kitu. Nimechoka wakuu.

linaksi_arusha

Tulia mkuu. Saa na tarehe ya Windows ulipowasha ilikuwa sahihi?

kamera_tabata

Daah sasa ndo unanifumbua. Ilikuwa inasema mwaka 2020, nikairekebisha kwa mkono nikaendelea.

linaksi_arusha

Ingia baiosi, utakuta 4095 imerudi. Betri ya bodi imekufa, ile ya duara CR2032. Ikiwa mashine imechomekwa ukutani, umeme wa pawa saplai ndo unatunza setingi hata ukiwa umezima, ndo maana siku tisa hukuona kitu. Umeme ulipokatika kutwa nzima na UPS ikaisha, betri haikuwa na nguvu ya kushika, setingi zikarudi za kiwandani na tarehe ikarudi ya zamani. Bodi yako umenunua imetumika, betri huenda ni ya tangu kiwandani. Mpya inasoma volti 3 au zaidi kidogo, ikiwa 2.5 itupe. Inauzwa duka lolote la saa. Zima, chomoa waya ukutani, bana kile kijichuma pembeni betri inaruka yenyewe, weka mpya maandishi yakiangalia juu, rudisha 90, 125, 28. Na baiosi nyingi zina sehemu ya kuhifadhi profaili, hifadhi hapo ili siku nyingine usiandike upya.

kamera_tabata

Ya zamani imepimwa dukani imesoma 2.1. Nimeweka mpya, profaili nimehifadhi nimeipa jina HARUSI. Nimechomoa mashine ukutani saa mbili nzima nikarudisha, tarehe sahihi, 90 iko pale pale. Inarenda hapa pembeni sasa hivi, sendofu ya Kigamboni, dakika ya arobaini, 3.8.